Somo Gumu na Mwalimu Hodari

Katika masomo yafundishwayo vyuoni ni machache yawezayo kumdhili mtu kama fizikia. Masomo mengine humwachia mwanafunzi pembe ya kujificha. Aliyesahau tarehe ya vita aweza kueleza sababu zake. Aliyekosa maana moja ya shairi aweza kutetea maana ya pili. Lakini jiwe lililotupwa hewani huanguka mahali pamoja tu, na mwanafunzi ambaye hesabu yake imeliangusha pengine hana la kujitetea. Hawezi kulishawishi jiwe. Kwa sababu hiyo wengi waliopita katika somo hili huikumbuka, hata baada ya miaka mingi, karatasi ya mtihani wa kwanza iliyorudi mikononi mwao na alama ambazo hawakupata kuziona tangu walipoanza kusoma.

Uchungu wa karatasi hiyo huzidi kwa sababu ya hali ya mtu anayeipokea. Anayekubaliwa kusoma fizikia katika chuo kikuu chenye sifa aghalabu ni kijana aliyekuwa wa kwanza kwao. Walimu wake walimtaja kwa fahari, wazazi wake waliweka matumaini yao juu yake, na wenziwe walimfuata jioni awasaidie hesabu zilizowatatiza. Ghafula hujikuta katika chumba kilichojaa watu waliokuwa wa kwanza makwao. Wakipangwa kwa mstari, nusu yao lazima waangukie nusu ya chini, na mmoja lazima awe wa mwisho. Jambo hilo ni hesabu nyepesi, lakini moyo haufarijiki kwa hesabu. Kijana huanza kudhani kwamba akili aliyosifiwa nayo ilikuwa sifa ya nyumbani tu. Huona haya kuuliza, hunyamaza, na katika kunyamaza huko shida yake huota mizizi.

Basi mwanafunzi mwenye akili akishindwa na somo, kosa huwa la nani? Wapo wasemao ni la mwanafunzi, kwa kuwa hakujitahidi; wapo wasemao ni la somo, kwa kuwa ni gumu kwa asili yake; na wapo wasemao ni la mwalimu, kwa kuwa hakueleza vyema. Jawabu la tatu ndilo lipendwalo zaidi na wanafunzi, maana lina faraja ndani yake: huahidi kwamba akipatikana mwalimu hodari wa kutosha, ugumu utayeyuka. Ahadi hiyo ilipata kujaribiwa mbele ya mashahidi wengi, na habari za jaribio hilo zastahili kupimwa na kila mtu afundishaye au afundishwaye.

Jaribio lilifanyika katika Taasisi ya Teknolojia ya California, mjini Pasadena, Marekani, tangu Septemba 1961 hata Mei 1963. Wanafunzi wa chuo hicho walilazimika kusoma fizikia miaka miwili ya mwanzo, hata wale wasiokusudia kuwa wanafizikia. Somo lenyewe lilikuwa limechakaa. Vijana walifika wamejaa hamu, maana walikwisha kusikia habari za nadharia ya uhusianifu ya Einstein na mambo ya ajabu ya atomu; kumbe walichoandaliwa ni mbao za mteremko na chaji za umeme zilizotulia, hata hamu ikawatoka. Robert Leighton na Matthew Sands walikuwa miongoni mwa walimu waliotaka somo lijengwe upya, na fedha za kazi hiyo zilitoka katika Ford Foundation. Sands ndiye aliyetoa shauri kwamba mafundisho yakabidhiwe Richard Feynman.

Shauri hilo halikuwa dogo. Feynman alikuwa mmoja wa wanafizikia wakubwa wa zama zake, na mwaka 1965 alishirikiana na Julian Schwinger na Sin-Itiro Tomonaga katika tuzo ya Nobel. Watu wa cheo hicho aghalabu hawapewi wanafunzi wa mwaka wa kwanza. Juu ya elimu yake alijaliwa ulimi. Alikwenda huku na huko mbele ya ubao kama mwigizaji jukwaani, akichora, akichekesha, na kulileta jambo kubwa kwa mfano wa nyumbani. Hakuanza na mbao za mteremko. Alianza na atomu, akaonyesha jinsi maji, barafu na mvuke vinavyofahamika mtu akijua tu kwamba vitu vyote vimejengwa kwa chembe ndogo zisizotulia, zivutanazo zikiachana kidogo na zisukumanazo zikibanwa.

Mara mbili kwa juma wanafunzi 180 walikusanyika ukumbini kumsikiliza. Kisha waligawanywa katika mafungu ya watu 15 hadi 20, kila fungu na msaidizi wake, na mara moja kwa juma waliingia maabara. Maneno ya Feynman yalinaswa kwa tepu, ubao wake ukapigwa picha, na kutokana na hayo vikatoka vitabu vitatu, kati ya mwaka 1963 na 1965, ambavyo hata leo husomwa duniani kote. Kama ufasaha wa mwalimu ungalitosha kumfundisha mtu, basi vijana wale wasingalipata shida tena.

Lakini katika dibaji aliyoiandika Juni 1963 Feynman mwenyewe alieleza kwamba hakuridhika. Alipotazama jinsi wanafunzi walio wengi walivyoshughulikia maswali ya mitihani, aliona kwamba mpango ulishindwa, ijapokuwa wenziwe walimkumbusha kwamba walikuwapo wachache, dazeni moja au mbili, waliofahamu karibu kila kitu. Mwaka 1989 maprofesa wawili wa chuo hicho, David Goodstein na Gerry Neugebauer, waliandika kwamba wanafunzi wengi waliliogopa somo lile, na kwamba kadiri siku zilivyokwenda viti vya vijana vilibaki wazi vikajazwa na maprofesa na wanafunzi wa shahada za juu, hata ukumbi ukaonekana umejaa wakati wote. Wengine waliokuwapo walikumbuka vingine, wakakana kwamba vijana waliukimbia ukumbi. Ubishi huo si lazima ukatwe hapa. Ikiwa vijana walitoroka au walikaa, hukumu ya mwalimu juu ya mitihani yao ilibaki ile ile.

Jambo la kufikiriwa ni kwamba hotuba zilizomwacha mwanafunzi gizani zilimfurahisha sana profesa aliyeketi karibu naye. Sababu yake si vigumu kuiona. Mtu aliyekulia katika mji wa kale wenye vichochoro vingi akipandishwa juu ya mnara hufurahi mno, kwa kuwa kila paa alionalo aujua mlango wake; kwa mara ya kwanza huona jinsi njia alizopita maisha yake yote zinavyoungana. Mgeni akipandishwa mnara huo huo huona mapaa tu. Naye hufurahi, maana mandhari ni nzuri, na huenda akashuka akiamini kwamba mji ameujua. Lakini akitumwa sokoni peke yake hupotea katika kichochoro cha kwanza. Hotuba za Feynman ziliwapandisha watu mnarani. Profesa alipata kile alichokikosa katika ujana wake. Kijana alipewa kilele kabla hajaijua njia.

Kupotea huko hakuonekani ukumbini. Huonekana usiku, mezani. Feynman aliifundisha kanuni ya kwamba nishati haipotei kwa mfano wa mtoto mwenye vipande 28 vya kuchezea, ambaye mama yake huvihesabu kila jioni. Vikipungua hutafuta, na daima huvikuta mahali fulani vilipojificha. Hapana mtu asiyefahamu mfano huo. Sasa kijana aliyeufurahia mfano mchana akutane usiku na swali kama hili: gogo la mviringo, lililo sawa kila mahali, labingirika mteremkoni bila ya kuteleza, katika nishati ya mwendo wake, ni sehemu gani iliyomo katika kwenda mbele na sehemu gani katika kuzunguka? Huandika juu ya karatasi kwamba nishati haipotei, kisha kalamu husimama. Jawabu ni theluthi mbili kwa moja. Lakini kulifikia kwataka ajue kuunganisha kasi ya kuzunguka na kasi ya kwenda mbele, ajue kupima jinsi gogo lilivyotandaa kuuzunguka mhimili wake, na kuliko yote ajue aanze na lipi. Hayo hayakuwamo katika utamu wa mfano. Hapo ndipo ajuapo kwamba mchana alifahamishwa tu, na kufahamu bado.

La ajabu ni kwamba Feynman aliyajua maradhi haya kuliko walimu wengi. Miaka kumi kabla ya hapo, mwaka 1951 na 1952, alifundisha Rio de Janeiro, Brazil, na habari za huko alizisimulia katika kitabu kilichotoka mwaka 1985. Wanafunzi aliowakuta waliweza kutamka, neno kwa neno, kanuni ya mwanga unaoakisiwa na kitu kama maji, kwamba mitikisiko yake hupangika upande mmoja. Alipowaambia waitazame ghuba nje ya dirisha kupitia kipande cha polaroidi, huku wakikigeuza, walishangaa kuona mng'aro wa maji ukibadilika. Kanuni waliihifadhi, lakini hawakupata kujua kwamba ilikuwa ikisema habari za maji ya ghuba yao. Aliona vilevile kwamba hawaulizi. Mmoja alimweleza sababu: akiuliza darasani, wenziwe humlaumu baadaye kwa kuwapotezea wakati. Basi kila mmoja alijifanya anajua ili asionekane ndiye peke yake asiyejua.

Mtu aliyeyaona hayo Rio alisimama Pasadena mbele ya nyuso 180 zilizomtazama, nazo hazikumweleza kitu. Katika dibaji yake aliandika kwamba hapakuwa na njia ya habari kurudi kutoka kwa wanafunzi hata zimfikie mtoa hotuba, apate kujua yaliyoingia na yasiyoingia. Akasema kwamba mtu hajifunzi mengi kwa kuketi na kusikiliza tu, na kwamba mafundisho bora hupatikana pale mwanafunzi mmoja na mwalimu mwema wanapozungumza, wakabishana na kufikiri pamoja. Walakini wanafunzi ni wengi, na haina budi kutafutwa badala yake. Hivyo mtu aliyejaliwa ulimi usio na kifani aligundua kwamba alichopungukiwa katika ukumbi ule ni masikio.

Hata hivyo katika mwaka wa kwanza alitoa hotuba tatu za ziada juu ya namna ya kufanya maswali, ambazo hazikuingizwa katika vitabu vile vitatu, na ambazo zilichapishwa mwaka 2006. Humo alishuka mnarani akaingia vichochoroni. Alizungumza na wale walio chini darasani, akawaambia wazi jambo ambalo vyuo vikubwa hulinyamazia: kwamba darasa lililochaguliwa miongoni mwa wa kwanza lazima liwe na nusu ya chini, na kuwa katika nusu hiyo si ushahidi wa upumbavu. Kisha akawashauri wajizoeze hesabu za msingi hata mkono uende wenyewe, wala wasirundike kanuni kichwani, bali wajue chache na wajifunze kuzipata nyingine kutokana nazo. Hotuba hizo hazikuwa na fahari ya zile nyingine. Yamkini ndizo zilizomfaa zaidi kijana aliyekuwa karibu kukata tamaa.

Lililoonekana Pasadena kwa jicho la mtu mmoja lilikuja kupimwa baadaye. Eric Mazur alianza kufundisha fizikia katika Chuo Kikuu cha Harvard mwaka 1984. Wanafunzi walimsifu, wakafanya vyema katika mitihani yake, naye akajiona kuwa mwalimu mwema. Kisha alisoma uchunguzi uliotolewa mwaka 1985 na Ibrahim Halloun na David Hestenes, walioonyesha kwamba wanafunzi wengi humaliza somo la mwendo na kani wakiwa na mawazo yale yale waliyoingia nayo. Hakutazamia kwamba hayo yangewahusu watu wa Harvard. Akawapa maswali mepesi yasiyotaka kupiga hesabu. Mathalani, lori zito likigongana na gari dogo, ni lipi lisukumalo jingine kwa kani kubwa zaidi? Kwa kanuni ya tatu ya Newton kani hizo ni sawa. Gari dogo huumia zaidi kwa sababu ni jepesi, na kani ile ile huubadili mwendo wake zaidi. Kanuni hiyo waliijua kwa maneno, lakini katika maswali ya namna hii wengi waliteleza. Mmoja wao aliuliza kama ajibu kwa jinsi alivyofundishwa au kwa jinsi yeye mwenyewe ayafikirivyo mambo hayo. Hapana mtihani uwezao kueleza hali ya elimu kuliko swali hilo. Kichwa chake kilikuwa na vyumba viwili, kimoja cha mtihani na kimoja cha dunia, na mlango wa kati ulikuwa umefungwa.

Tangu hapo Mazur alipunguza kusema. Aliuliza swali, kila mwanafunzi akachagua jawabu lake peke yake, kisha akamgeukia jirani yake wabishane, ndipo wakachagua tena. Aliona kwamba kijana aliyefahamu leo aweza kumweleza mwenziwe vizuri kuliko profesa aliyefahamu zamani, kwa kuwa yeye angali akumbuka mahali alipokwama. Walimu wengine nao walijaribu njia za namna hiyo, na mwaka 1998 Richard Hake alikusanya habari za wanafunzi 6,542 katika madarasa 62. Katika madarasa ya kusikiliza tu, wanafunzi walipata takriban sehemu 23 katika 100 ya yale ambayo hawakuyajua mwanzo. Katika madarasa ambamo walishughulishwa kufikiri na kujadiliana walipata takriban sehemu 48.

Mtu angedhani kwamba baada ya habari hizo wanafunzi wangezikimbilia njia mpya. Haikuwa hivyo, na sababu yake ndiyo kiini cha jambo hili. Mwaka 2019 ulitolewa uchunguzi mwingine wa Harvard, ambao ulilinganisha wanafunzi wa fizikia waliosikiliza hotuba nzuri iliyonyooka na wenzao walioachwa kwanza wahangaike na maswali kwa vikundi. Waliohangaika walijifunza zaidi, na mtihani ulishuhudia. Lakini walipoulizwa, wao ndio waliodhani kwamba wamejifunza kidogo. Walioketi na kusikiliza walidhani wamejifunza sana. Hotuba laini humpa msikilizaji ladha ya elimu, naye huichukua ladha kuwa ndiyo shibe. Kuhangaika humwonyesha mtu mipaka yake, naye hudhani kwamba hakupata kitu, hali katika kuhangaika huko ndiko anakojifunza.

Haya hayana maana kwamba hotuba hazifai. Vitabu vilivyotokana na mafundisho ya Pasadena vimedumu kuliko masomo mengi yaliyosifiwa na waliofaulu mitihani yake. Waliovipenda zaidi aghalabu ni watu waliovirudia baada ya miaka kadhaa, walipokwisha kupita vichochoro kwa miguu yao. Wala haya si ruhusa kwa mwanafunzi mvivu kumtwika mwalimu mzigo wote. Maswali ya usiku hayana mtu mwingine wa kuyafanya. Na jawabu la jirani, kama ni la kunakiliwa tu, ni hotuba nyingine iliyotolewa na mtu asiye na shahada.

Ila lile swali la kosa kuwa la nani hupata sura nyingine likitazamwa kwa habari hizi. Kijana aliyesimamisha kalamu mbele ya gogo lake ametambua kweli, kwa mara ya kwanza katika siku nzima, kipande cha njia asichokijua. Na kipande hicho hakikuweza kuonekana na mwalimu yeyote kutoka mbele ya ukumbi, hata awe na akili ya Feynman. Akikificha kwa aibu, hakuna atakayekijua. Akikitoa mbele ya mwenziwe au mwalimu wake, akasema hapa ndipo nilipokwama, amempa mwalimu kitu ambacho tuzo ya Nobel haiwezi kukileta. Mwalimu naye amtendee haki kwa kumwuliza mapema, kabla karatasi ya mtihani haijamwuliza, na kwa kumpa nafasi ya kukosea mahali ambapo kukosea hakuandikwi alama. Darasa ambamo mtu wa mwisho huthubutu kuuliza bila ya kuchekwa lina mengi ya kuwafundisha hata wa kwanza, maana nao wamo vichochoro ambavyo wamevipita kwa kubahatisha.